Kambale walionunuliwa kama samaki wa maji baridi sasa wanahitaji chumvi: niwajengee makazi ya namna gani?

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Shikamooni wakubwa, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Ninafuga kambale watatu niliowanunua Dar es Salaam wakiwa wadogo kama kidole cha shahada. Muuzaji aliwaita "papa wadogo" na akanihakikishia kuwa ni samaki wa maji baridi wasio na masharti yoyote. Mgongoni wana rangi ya fedha iliyokolea, tumboni ni weupe, na mapezi yao ya chini ni meusi yenye ncha nyeupe. Hawatulii hata kidogo, bali huogelea kutwa nzima. Tangu wamezidi urefu wa kiganja, gapi waliokuwa nao wametoweka mmoja baada ya mwingine, na sasa waliosalia ni samaki wa dhahabu wawili ambao kwa bahati ni wakubwa mno kumezwa.

Tangi langu ni la kioo, lina urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 50, yaani lita 200 nikilijaza hadi ukingoni. Natumia maji ya bomba niliyoyaacha yapumzike kwenye ndoo. Kwa muda sasa kambale hawa wamekuwa wakipanda na kushuka kwenye kona moja ya kioo kana kwamba wanatafuta mlango, ingawa wanakula vizuri na sioni kidonda wala utando wowote mwilini mwao. Mfugaji mmoja ameniambia kwamba hawa huanza maisha kwenye midomo ya mito na wakishakua huhamia kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo kuendelea kuwaweka katika maji baridi ni kuwadhoofisha polepole.

Naomba msaada katika mambo haya. Je, maelezo hayo ni ya kweli? Kama ni ya kweli, nibadilishe maji ya tangi hilihili au nitengeneze makazi mengine, na kama ni mengine, yawe ya kioo, ya simtanki au ya saruji? Je, maji ya bahari yaliyochotwa hapa ufukweni yanafaa? Jirani yangu mvuvi anashauri niwaachie tu baharini wakaishi na hongwe, wale kambale wa baharini wa kwetu, lakini nafsi yangu inasita.

Mwalimu wa Baiolojia, Masasi

Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya kununua hata kipande cha bomba, hakikisha kwanza ni samaki gani ulionao, kwa sababu kuna kambale wa aina mbili wanaouzwa kwa jina la papa na mahitaji yao yanapingana kabisa.

Wa kwanza hutoka katika mito ya Mekong na Chao Phraya huko Asia ya Kusini Mashariki, na wataalamu humwita Pangasianodon hypophthalmus. Ndiye yuleyule ambaye minofu yake iliyogandishwa huuzwa madukani kwa jina la pangasi. Huyu huishi katika maji baridi maisha yake yote na anaweza kuzidi urefu wa mita moja, kwa hiyo ukimtilia maji ya bahari utakuwa umemwongezea mateso. Wa pili ni Ariopsis seemanni, aliyeelezwa na Albert Günther mwaka 1864, ambaye vitabu vya zamani humtaja kwa jina la Arius seemanni au Hexanematichthys seemanni. Asili yake ni pwani ya Bahari ya Pasifiki, katika Amerika ya Kati na kaskazini ya Amerika ya Kusini. Wachanga huonekana mitoni na kwenye mikoko, ilhali wakubwa hukaa kwenye midomo ya mito na baharini. Huyu hufikia takriban sentimita 35.

Namna rahisi ya kuwatofautisha ni kuhesabu sharubu. Ariopsis ana jozi tatu, moja kwenye taya la juu na mbili chini ya kidevu, ilhali yule wa Mekong ana jozi mbili tu. Aidha, wa Mekong akiwa mdogo huwa na mistari myeusi inayokwenda kwa urefu wa mwili. Ncha nyeupe za mapezi ulizozitaja zinanielekeza kwa Ariopsis, lakini usitegemee rangi peke yake. Hesabu sharubu wakiwa wametulia usiku, kwa mwanga hafifu.

Jirani yako hakukosea kuhusu undugu, kwani hongwe wetu na samaki wako ni wa familia moja, Ariidae, ambayo madume yake huatamia mayai makubwa mdomoni na hukaa bila kula hadi vifaranga wajitegemee. Kuhusu kuwaachia baharini, nitamwachia anayejua sheria aeleze.

Mfugaji wa Mikindani

Mwalimu amemaliza suala la utambuzi, kwa hiyo mimi nitazungumzia maji, nikichukulia kwamba utazikuta jozi tatu.

Sisi wa mwambao tuna neema ambayo mfugaji wa Dodoma au Tabora hanayo, kwani maji ya bahari yenye madini yote kwa uwiano wake tunayapata bila kununua. Usishawishike kutumia chumvi ya dukani, wala ile ya mawe kutoka kwenye mashamba ya chumvi yaliyo karibu nasi. Maji ya bahari yanapokaushwa juani, chokaa hutuama mapema kabla chumvi haijaganda, na magnesi hubaki katika yale maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Kinachobaki kinafaa sana kwa kuungia mchuzi na kukaushia samaki, lakini ukikiyeyusha tena hupati bahari.

Lita moja ya maji ya bahari ya kawaida ina takriban gramu 35 za chumvi. Ukitoa lita 20 katika tangi lako la lita 200 na kutia lita 20 za maji ya bahari, utapata karibu gramu 3.5 kwa lita. Ukirudia wiki inayofuata utafika 6.7 hivi, ya tatu 9.5, na ya sita utakuwa umezidi kidogo 16. Utaona kwamba kila hatua ni ndogo kuliko iliyotangulia, kwa sababu unapotoa maji unatoa pia sehemu ya chumvi uliyokwisha kuitia. Kwa mwenye haidromita, yaani kifaa cha kupimia uzito wa maji, 1.005 ni kama gramu 7, 1.010 ni kama 14, na bahari yenyewe husoma karibu 1.025.

Watu wengi hudhani kwamba polepole hii ni kwa ajili ya samaki. Samaki huyu amezoea mlango wa mto, ambako kila maji yanapojaa na kupwa chumvi hubadilika, na mwenyewe angeweza kuvumilia mwendo wa kasi zaidi. Wanaohitaji subira ni bakteria wa kwenye sponji ya chujio, wale wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti na kisha kuwa naitreti. Walioota katika maji baridi huanza kuzorota kadiri chumvi inavyoongezeka, na waliozoea chumvi huchukua muda kushika nafasi yao. Hatari huongezeka kwa sababu maji ya bahari yana pH (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji) ya karibu 8.2, na kiasi kilekile cha amonia ambacho katika pH ya 7 kingeleta madhara madogo huwa sumu kali zaidi katika pH ya 8. Kwa hiyo katika majuma hayo walishe kidogo, pima amonia kabla ya kila hatua, na ukiiona, usipande ngazi nyingine. Badilisha maji kwa maji yenye chumvi ileile hadi amonia itoweke, ndipo uendelee.

Usichote maji bandarini wala karibu na mdomo wa mto, na usichote siku zinazofuata mvua kubwa. Chota maji yakiwa yamejaa, ikiwezekana wakati wa bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo), upande unaotazama bahari kuu. Ng'ambo ya Msangamkuu ni pazuri kwa mtu wa mjini. Yachuje kwa kitambaa kizito, kisha yahifadhi kwenye madumu yaliyofunikwa mahali penye giza kwa takriban wiki mbili, ili viumbe vidogo vilivyomo vife na kutuama badala ya kuozea ndani ya tangi. Tangi likipungua maji kwa kukaushwa na joto, jazia kwa maji baridi, kwani kilichoondoka ni maji matupu na chumvi yote imebaki.

Samaki wa dhahabu waondoke kabla ya hatua ya pili.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Nawashukuru sana. Nimehesabu sharubu na ni jozi tatu bila shaka, na mkubwa wao anakaribia sentimita 20. Sasa ninalohitaji kuamua ni chombo. Nyuma ya nyumba nina uwanja wenye mwembe mkubwa unaotoa kivuli kizuri, na nilifikiria kujenga bwawa dogo la saruji chini yake. Ndani ya nyumba ninayo sebule ambamo tangi la sasa limewekwa juu ya meza ya chuma. Kipi kinafaa zaidi, nikizingatia kwamba umeme hukatika mara kwa mara?

Fundi wa Lindi

Mimi hujenga matangi na vibwawa huku Lindi, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba upime chombo kwa samaki wa sentimita 35, usimpimie huyu wa 20 unayemwona leo. Katika tangi lenye upana wa sentimita 40, samaki mzima wa aina hii hawezi kugeuka bila kujikunja, na watatu hawawezi kupishana. Samaki anayeogelea siku nzima anahitaji urefu usiopungua sentimita 180 na upana usiopungua 60. Wala usifikirie kubaki na mmoja ili upate nafasi, kwa kuwa hawa hupenda kuwa kundini.

Tangi la kioo la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 hubeba karibu lita 650. Ukijumlisha maji ya chumvi, vioo vinene na mchanga, unakaribia kilo 800 zilizosimama mahali pamoja. Meza yako ya chuma haitaweza, na hata ingeweza leo, mvuke wa chumvi ungeila miguu yake. Gharama ya vioo vya unene huo na hatari ya kuvunjika njiani kutoka Dar es Salaam ni mambo ambayo mwenyewe utayapima. Mimi nalipenda tangi la kioo kwa mtu anayetaka kuwatazama samaki akiwa amekaa, na sidhani kuna sababu nyingine ya kulichagua.

Bwawa la saruji ni zuri, lakini lina masharti mawili ambayo watu hawayapendi. Saruji mpya hutoa chokaa inayopandisha pH hadi kiwango cha kuua, hivyo lazima bwawa lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kwa majuma mengi kabla ya kuingiza samaki. Pili, maji ya bahari hupenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu na kuvimba, na ukuta hupasuka kutoka ndani. Nyumba kongwe za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa bila chuma, na nadhani hilo ni mojawapo ya yaliyozifanya zivumilie upepo wa bahari kwa muda wote huo. Ukiamua kujenga, jenga kwa matofali bila nondo, liwe fupi na nusu yake liwe ardhini, kisha ulitandike karatasi nzito ya plastiki ya kutandikia mabwawa ili maji yasiguse saruji kabisa.

Kwa mahitaji yako, hata hivyo, ningechagua simtanki pana la lita 2,000, likatwe juu ya mkanda mnene wa katikati ili ukingo usipanuke, libaki beseni la lita 1,000 au zaidi. Halishiki kutu, halina kona ambamo samaki atajigonga pua, na likiharibika hubadilishwa kwa siku moja. Kasoro yake ni kwamba utawaona samaki kutoka juu tu, na plastiki nyeusi hunyonya joto, hivyo kivuli ni lazima.

Lakini kivuli hicho kisiwe cha mwembe. Majani, maua na maembe yenyewe yataozea majini na utashinda ukisafisha. Jenga kibanda cha makuti, au kama ni bati, hakikisha limepita nje ya ukingo ili matone yake yasiingie tangini, kwani zinki inayotoka kwenye bati ni sumu kwa samaki. Paa hilo ndilo litakalokuokoa pia kuanzia Desemba hadi Aprili, maana mvua za kwetu zikiachwa ziingie, chumvi yote uliyoipanga kwa miezi zitaishusha kwa usiku mmoja. Funika ukingo kwa wavu, kwa sababu akishtuka huruka.

Kuhusu umeme, kumbuka kwamba maji ya joto na ya chumvi hubeba hewa kidogo. Kwenye nyuzi 28 za Selsiasi, maji baridi hushika karibu miligramu 7.8 za oksijeni kwa lita, na ya bahari karibu 6.4 tu. Pampu ya hewa inayotumia betri na kujiwasha umeme unapokatika ni kifaa cha kwanza kununua, hata kabla ya chujio kubwa. Mabomba yote yawe ya plastiki.

Bibi wa Mtanda, Lindi

Fundi, nakubaliana nawe kuhusu chombo. Nina neno moja kwa Mfugaji wa Mikindani, kwa sababu hesabu yake inaishia kwenye gramu 16 na hakusema kama mwisho uwe hapo au tuendelee hadi bahari kamili. Mimi ningesimama hapo, kati ya 15 na 20. Samaki wa mlango wa mto hayupo katika bahari kamili kila saa, na kwa kiwango hicho maji yanabaki na hewa zaidi, tena mtu anabeba nusu tu ya madumu. Wanaolazimisha bahari kamili mara nyingi wanaiga wafugaji wa matumbawe, na hapa hakuna tumbawe.

Mfugaji wa Mikindani

Bibi, nimeipokea hoja yako, na kwa simtanki la uwanjani naiona ina nguvu kuliko nilivyodhani. Nilichokuwa nimekiwaza ni urahisi, kwa kuwa anayetumia bahari kamili hachanganyi wala hapimi sana, bali hutoa dumu na kutia dumu. Kambale hawa wakishakua hustawi katika viwango vyote viwili. Nisilokubali ni kubaki chini ya gramu 5 na kuita hayo maji ya chumvi, kama wanavyofanya wengi wanaotia vijiko viwili vya chumvi kwenye tangi na kuridhika.

Afisa Uvuvi Mstaafu

Ndugu Mkazi wa Shangani, nafsi yako imesita kwa haki. Hongwe ni wa Bahari ya Hindi na samaki wako ni wa Pasifiki, na kupandikiza samaki wa kigeni katika maji ya nchi yetu bila kibali si jambo ambalo mtu huamua ufukweni na jirani yake. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zipo kwa ajili hiyo. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zilizopatikana humo tu zikaangamia. Sisi tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye mikoko ambayo ni kitalu cha samaki wanaolisha mji wetu mzima. Hata kama kambale watatu hawatazaana, vimelea waliokuja nao kutoka kwenye matangi ya wauzaji wanaweza kuhamia kwa hongwe. Ukishindwa kuwatunza, wape mfugaji mwingine, na ukikosa kabisa, ni afadhali kuwaua bila mateso kuliko kuwaachia.

Jambo jingine ni miiba. Pezi la mgongoni na yale mawili ya ubavuni yana miiba yenye sumu, kama ya hongwe. Ikikuchoma, tumbukiza kidole katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa kuwa joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo, kisha uende hospitali, maana ncha ya mwiba huweza kukatikia ndani.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Bibi yangu, wakubwa zangu, nimeelewa. Nitachukua simtanki, nilikate kama Fundi alivyoelekeza na kulijengea kibanda cha makuti upande usio na mwembe. Nitafikisha gramu 18 hivi na kusimama hapo. Samaki wa dhahabu watabaki na tangi la kioo. Limebaki swali la utaratibu: nianze kuongeza chumvi kwenye tangi la sasa kisha niwahamishe, au niwahamishe kwanza?

Mfugaji wa Mikindani

Wahamishe kwanza, wakiwa bado katika maji baridi. Lijaze simtanki maji ya bomba yaliyopumzishwa na uhamishie humo chujio lako la sasa pamoja na sponji yake bila kuiosha, likae pembeni mwa chujio kipya. Tangi la kioo liwekee chujio dogo jipya, na uwabadilishie samaki wa dhahabu maji mara kwa mara hadi nalo likomae. Kambale wakila kwa kawaida na amonia isipoonekana, ndipo uanze na madumu matano ya lita 20 kila wiki katika lita 1,000. Uwiano ni uleule, na ujazo mkubwa utakusamehe makosa ambayo lita 200 zisingekusamehe. Chini tandika mchanga wa matumbawe au vipande vya makombe, vitasaidia kushikilia pH.

Siku ya kuwahamisha usitumie wavu, kwa sababu miiba hunasa kwenye nyuzi, na katika kuwanasua utaumia wewe au ataumia samaki. Punguza maji hadi kina cha shubiri moja, mwelekeze kila mmoja ndani ya beseni lenye mfuniko, na umbebe pamoja na maji yake. Wakishazoea makazi mapya, walishe kamba, vipande vya ngisi na dagaa wabichi kutoka sokoni, kwa kiasi wanachomaliza ndani ya dakika chache, na kinachobaki kitolewe jioni ileile.